Zumbiriki ni Neno la Nani

Uongo huu niliuanza mimi mwenyewe, tena saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai na kushiba, kwa hiyo siwezi kusingizia njaa. Nilidhani ni uongo mdogo tu wa kuvukia siku. Kumbe.

Sisi tunaoandika programu za kompyuta tuna maneno yetu. Ukitaka kuijaribu programu kabla watu hawajaanza kuitumia, lazima uilishe vitu vya uongo: jina la uongo, mtaa wa uongo, namba ya simu ya uongo. Ukiweka jina la mtu wa kweli, ipo siku utasahau kulitoa na mtu huyo atapata taabu. Kwa hiyo unaweka neno ambalo halipo duniani. Ofisini kwetu neno hilo ni zumbiriki. Ukihitaji la pili unaweka zumbiraka, na la tatu zumbiruku. Siku hizi wanalitumia hata wasiotujua. Nimelikuta kwenye kitabu cha kufundishia. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti, nikamsikia kijana wa kampuni nyingine kabisa akimwambia mwenzake kwenye simu aweke zumbiriki kwanza, watabadilisha baadaye. Nilitamani nimshike kola nimuulize kama anajua amesimama nyuma ya nani.

Maana neno zumbiriki nimelitunga mimi. Hilo mlijue kabla sijaendelea. La pili la kujua ni kwamba watu wote wanaamini lilitungwa na Mzee Nukta, na aliyewaambia hivyo ni mimi huyuhuyu.

Mzee Nukta alikuwa mkubwa wa waandishi wa programu wakati naanza kazi. Tulimwita hivyo kwa sababu akishaamua jambo alimalizia na neno hilo. "Rudia. Nukta." Alikuwa mfupi, miwani imefungwa uzi, sweta lake moja la kijivu mwaka mzima, na hakuwahi kumfokea mtu. Mtu asiyefoka anaudhi kuliko anayefoka, maana unakosa pa kushikia ugomvi. Na mimi ugomvi ndiyo asili yangu. Ofisini wananiita Kiberiti, na sijawahi kumuuliza mtu kwa nini.

Wiki yangu ya pili alinipa kazi ya barua. Idara ya maji ilitaka programu ya kuandika barua kwa wateja wake, kila barua ianze na jina la mwenyewe, imwambie kwamba maji yatakatika Jumamosi. Kazi ya mtoto wa shule, nikasema moyoni. Nikaiandika, nikampelekea. Akairudisha. Nafasi kati ya maneno haikumpendeza. Nikarekebisha, akairudisha tena. Akairudisha mara nane, nawaapia, mara nane, na kila mara ananiambia kwa kile kisauti chake nirudie.

Mara ya nane damu ilinichemka. Nilitaka kumtukana. Lakini nimelelewa, jamani. Mama yangu ni fundi cherehani, na angesikia nimemtukana mtu mwenye umri wa baba yangu angenishona mdomo kwa uzi wa jinzi. Basi nikatunga tusi langu mwenyewe, lisilo na maana yoyote, ambalo hata nikishikwa nalo hakuna wa kunishtaki. Kwenye nafasi ya jina la mteja nikaandika kwa hasira: Zumbiriki. Nikalisoma kwa sauti ya chini, nikaona limekaa vizuri mdomoni. Tangu hapo, kila alipopita nyuma ya kiti changu, nilimsindikiza nalo kwa mnong'ono. Roho ilikuwa inatulia kabisa.

Sasa, utaratibu wetu ulikuwa kwamba kazi ya mgeni haitoki mpaka mkubwa wake aisome na kuipitisha. Mimi nikajiuliza ya nini yote hayo. Ili airudishe mara ya tisa? Siku mbili baadaye, alipokwenda kula mchana, nikaituma mwenyewe kwenye printa za idara ya maji, nikajipongeza kwa soda baridi.

Barua elfu nne zilitoka siku ile, zikapelekwa majumbani, na zote zilianza hivi: "Mpendwa Zumbiriki."

Mnacheka. Na watu wa mji walicheka, lakini si wote. Wazee wawili waliona wametukanwa na serikali. Mwalimu mmoja alirudisha barua yake akiwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Na alikuja bwana mmoja, mtu mzima, kavaa suti, akasimama mapokezi akitaka kuonyeshwa huyo Zumbiriki ni nani, anayeandikiwa "mpendwa" kwa anuani ya nyumba yake, na mke wake anamfahamu tangu lini. Ilibidi wampe kiti na maji ya kunywa.

Mama Mkurugenzi aliniita saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Ndiyo ile saa nne niliyoitaja. Alikuwa ameshika barua moja kwa vidole viwili, akaniuliza neno hilo limetoka wapi. Mimi niliona kazi inaniponyoka kabla hata sijapata ufunguo wa droo. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia ni neno la Mzee Nukta, neno la kitaalamu, la tangu enzi za mashine kubwa, ndilo sisi wageni tunalofundishwa kutumia. Nilisema bila kupepesa macho. Hata mimi nilijishangaa.

Akamwita Mzee Nukta, mlango ukafungwa. Dakika kumi. Alipotoka alifuta miwani kwa ncha ya sweta, akapita nyuma ya kiti changu, akaenda kukaa. Hakuniuliza kitu, wala mimi sikuitwa tena. Nikajisemea kwamba wakubwa wanajuana, wamecheka yakaisha. Ndivyo nilivyojiambia, na nililala usingizi mzuri, sitawaficha.

Baada ya mwezi walimhamishia chumba cha nyuma, awe anafundisha wageni. Ule mfumo mkubwa wa mji mzima aliokuwa ameuchora kwenye makaratasi kwa miaka mitatu wakapewa watu wa nje. Sisi tukasema umri umemfikia, na nikawa miongoni mwa waliosema.

Huko nyuma akalichukua neno langu na kulifanya mtaala. Kila kijana aliyeingia alifundishwa zumbiriki siku ya kwanza. Wakimuuliza limetoka wapi aliwaambia ni jina la kifaa kilichokuwa ndani ya mashine ya kwanza ya nchi, mashine kubwa kama chumba, ambacho kazi yake hakuna aliyewahi kuijua, lakini ukikichomoa yote inazima. Vijana wakapenda. Wakamaliza mafunzo, wakaajiriwa kwingine, wakalibeba neno. Hivyo ndivyo lilivyosambaa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Niliacha kwa sababu ya mama. Ukitembea na mama yangu barabarani hamfiki mwendako. Atakuminya mkono akuonyeshe mtu anapita: lile gauni ni langu, ule mkunjo wa begani ni mimi. Miaka mitano baadaye gauni bado linapita. Siku moja akanigeukia, akaniuliza kwa upole tu na mimi nimetengeneza nini, nimwonyeshe. Nikakaa nafikiri. Programu ya barua ilifutwa. Ile ya maktaba ilifutwa. Mfumo wa zahanati niliouhangaikia miaka miwili walinunua mwingine na wangu wakauzima Jumatatu moja kabla ya saa tatu. Miaka kumi na minne ya kazi, na hakuna kitu changu hata kimoja kinachopumua, isipokuwa neno moja la upuuzi, na hilo lina jina la mtu mwingine. Iliniuma. Iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Ndipo ikaja barua ya chuo kikuu. Mwalimu mmoja wa lugha alikuwa anaandika kamusi ya maneno ya mtaani ya watu wa kompyuta. Kila neno litawekwa maana yake, na pale inapojulikana, jina la aliyelitunga. Angekuja kwetu Alhamisi kuuliza kuhusu zumbiriki. Kamusi! Kitabu chenye jalada gumu, kinachokaa kwenye rafu, ambacho hakuna mtu wa kukizima Jumatatu. Ningempelekea mama, nimfungulie ukurasa, nimwekee kidole chake pale. Nikapiga moyo konde: Alhamisi nitadai mali yangu.

Alhamisi tukakusanywa chumba cha mikutano. Mwalimu alikuwa dada mpole, daftari mapajani, kalamu mbili. Mama Mkurugenzi alikaa mbele, mvi zimemjaa sasa lakini macho ni yaleyale. Na Mzee Nukta, ambaye alikuwa amestaafu miaka mitatu iliyopita, alifuatwa nyumbani kwa gari la ofisi na kuwekwa kiti chenye mto. Amevaa lile sweta, nadhani.

Wakamuuliza. Akakohoa kidogo, akaanza. Jamani, mzee yule anajua kudanganya. Alitueleza mashine kubwa kama chumba, joto lake, kelele zake, jinsi walivyovua viatu mlangoni, na kile kifaa cha shaba ambacho fundi wa kwanza alikigusa, akashtuka, na neno lililomtoka ndilo hilo. Alitia chumvi mpaka mimi niliyelitunga nilianza kukiona kifaa. Watu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mwalimu aliandika ukurasa mzima, akaanza wa pili.

Nikasimama.

"Neno ni langu," nikasema. "Nimelitunga mimi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kile kifaa. Kaka mmoja wa meza ya jirani alisema Kiberiti naye leo kaamka na lake. Mama Mkurugenzi akanipungia mkono nikae. Nilibaki nimesimama. Nikasema tena, sauti ikaanza kunitetemeka, na hapo wakaacha kucheka wakaanza kunionea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Mwalimu peke yake ndiye aliyeniuliza kwa adabu kama nina ushahidi wowote. Nikamwambia anipe dakika kumi.

Ushahidi ulikuwepo, nilijua. Sisi kila programu tunayoiandika inahifadhiwa kwenye ghala ndani ya kompyuta kuu, pamoja na kumbukumbu: nani kaandika, nani kapitisha, siku gani, na maelezo mafupi. Hata programu iliyouawa, kumbukumbu yake hubaki. Nikakimbia mezani kwangu, nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka mpaka ule wangu wa kwanza, nikaipata barua ya maji. Lile neno lilikuwa pale, limekaa kwenye nafasi ya jina. Nikafungua kumbukumbu.

Imeandikwa na: palikuwa na jina la Mzee Nukta. Imepitishwa na: jina lilelile. Maelezo: "Neno la majaribio limesahaulika ndani. Kosa ni langu."

Nilidhani nimefungua siyo. Nikasoma tena. Tarehe ilikuwa ya kesho yake baada ya barua kutoka, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Yaani alitoka kwenye ule mlango, akafuta miwani, akapita nyuma yangu, akaenda mezani kwake kufuta jina langu na kuandika hivyo.

Nilikaa. Nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miaka kumi na minne iliyopita: barua, mlango, chumba cha nyuma, mfumo wa miaka mitatu kupewa watu wengine. Haukuwa umri. Nilimuuza mtu, na alijua nimemuuza, akanisainia na risiti. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, ameshika kikombe cha chai. Wenzangu walikuwa wamepumzika kidogo, wananisubiri. Aliangalia kioo cha kompyuta yangu, akaona nilichokuwa nakiona.

"Kwa nini, mzee wangu?" nikamuuliza.

Alinywa chai kwanza. Akaniambia ningefukuzwa siku ileile, na yeye alikuwa amenirudishia kazi mara nane, na ile ya nane ilikuwa imekaribia kuwa nzuri. Aliona hasara kumpoteza mtu ambaye kazi yake imekaribia kuwa nzuri. Alifikiri angesemwa kidogo, yangeisha. Hayakuisha alivyofikiri. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda posta. Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha, nikamwambia neno abaki nalo, nitarudi ndani niseme nilikuwa natania.

Akatikisa kichwa.

"Ukilitaka, lichukue," akasema. "Ni lako. Lakini halichukuliwi peke yake. Linachukuliwa pamoja na barua zake elfu nne."

Akarudi chumbani kwa mwendo wake wa polepole, akaniacha na hayo.

Nawaambia ukweli, nilifikiria kutoroka. Mkoba ulikuwa mguuni pangu, mlango wa nyuma uko wazi. Mama Mkurugenzi yumo mle ndani, yuleyule niliyemdanganya macho makavu, na ndiye anayepanga nani aongoze kitengo mwakani, na kila mtu alijua nakitaka. Ningeweza pia kunyamaza, kamusi itoke na kifaa cha shaba, maisha yaendelee. Lakini ningekaaje? Kila mtu akitamka zumbiriki, na wanalitamka kutwa, ningekuwa nasikia lile "kosa ni langu".

Nikaingia. Sikukaa. Nikamwambia mwalimu afungue ukurasa mpya.

Nikasema yote. Nikasema nilikuwa mgeni, nikaruka utaratibu, nikatuma barua bila kupitishwa. Nikasema niliitwa, nikamsingizia mzee, na mzee akabeba. Nikawaonyesha picha ya ile kumbukumbu niliyoipiga kwa simu yangu, ikapita mkono kwa mkono. Nilipofika hapo ningeweza kuishia, lakini nilikuwa nimeshaanza kujivua, nikaona nimalizie na lililobaki, ambalo hata mzee mwenyewe, nilijua, hakuwa analijua.

"Na halikuwa neno la majaribio," nikasema. Sikumtazama. "Lilikuwa tusi. Nilikuwa namtukana yeye. Alinirudishia kazi mara nane, na mimi nikamtungia tusi, nikawa namwita hivyo kila akinipa mgongo."

Mwalimu alishika kalamu hewani. Mama Mkurugenzi alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikahisi nimerudi kuwa na umri ule na hofu ile. Kisha akanipita kwa macho, akamgeukia Mzee Nukta, na ilikuwa wazi kwamba aliyemuumiza zaidi siku hiyo si mimi.

"Mzee," akasema, "siku ile nilikufungia mlango nikakuuliza neno hili ni la nani. Uliniangalia usoni ukaniambia ni lako. Nikakuondoa kwenye kazi uliyoipenda kwa sababu ya jibu hilo. Ulinidanganya?"

Mzee Nukta aliweka kikombe chini taratibu, kisahani kisilie.

"Hapana, mama," akasema. "Sikukudanganya hata kidogo. Uliniuliza ni la nani, nikakwambia ni langu. Mimi si ndiye niliyekuwa naitwa hivyo?"

Mama Mkurugenzi ndiye aliyeanza kucheka, halafu mwalimu, halafu chumba kizima, na mzee katikati yao ametulia kama hajasema kitu. Mimi nilijifunika uso kwa mikono miwili. Siku zote zile nikimnong'ona mgongoni, mzee wa watu alikuwa anasikia.